Serikali inaweza kushtakiwa, na imeshashindwa

Je, waziri akishasaini kibali cha kuharibu eneo la urithi wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, basi yamekwisha? Hapana, sahihi ya waziri haifungi mjadala. Mfano mzuri ni wa bandari ya Port Hedland, Australia Magharibi. Kamati ya serikali ya urithi iliamua kwamba eneo la Marapikurrinya, lililomo ndani ya bandari hiyo, si mahali patakatifu, kwa madai kwamba hapakutengwa kwa ibada. Simulizi na imani za Waaborijini wenyewe zikaonekana hazitoshi! Wenyeji walienda mahakamani, na Aprili 2015 Mahakama Kuu ya jimbo ikatengua uamuzi huo: kamati haikujiuliza swali ambalo sheria inalitaka. Serikali ikalazimika kupitia upya maeneo mengine iliyoyakataa kwa kigezo hichohicho.

Lakini mahakama huangalia kama utaratibu wa sheria ulifuatwa. Haimchagulii waziri jibu. Na sheria yenyewe, yaani sheria ya jimbo hilo ya urithi wa Waaborijini ya mwaka 1972, katika kifungu cha 18 inamruhusu waziri kukubali eneo la urithi liharibiwe. Kwa kibali cha namna hiyo, kilichotolewa 2013, kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan, katika jimbo hilohilo, Mei 2020, mahali palipokuwa na ushahidi wa watu kuishi miaka 46,000 iliyopita. Hadi wakati huo mwenye mradi ndiye aliyeweza kukata rufaa dhidi ya uamuzi wenyewe wa waziri, wenyeji hapana. Haki hiyo waliipata kwa marekebisho ya 2023, na kwangu huo ni ucheleweshaji usio na kisingizio.