Je, -ka- ya msimulizi ifutwe?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri, natokea Tabora. Nakusanya masimulizi ya maisha ya wazee wa Ujiji na Kibirizi, nikitaka kuona jinsi mtu anavyoijenga nafsi yake kwa kusimulia. Nadharia zangu ni usasaleo, unaotilia shaka ukweli mmoja unaodai kuwafaa wote, na naratolojia, yaani taaluma ya namna visa vinavyoundwa. Msimamizi wangu ameniagiza nibadili kila -ka- iwe -li-, kwa maelezo kwamba -ka- ni ya hadithi za watoto na haifai kwenye data za utafiti. Tena pale mzee aliposema "mtu unakaa" amekata, akaandika "mtu anakaa". Je, yuko sahihi? Na niandike "simulizi kuu" au "masimulizi makuu"? Naambatisha kifungu kimoja.

JIBU: Marahaba. Kifungu chako ni kifupi, nakinukuu chote ili wasomaji wengine wasiachwe nyuma:

"Nilizaliwa hapa hapa Ujiji. Baba akafa. Mama akanipeleka kwa mjomba, Tabora. Nikasoma kidogo, sikumaliza. Mtu unakaa kwa watu, unakula chao, huna la kusema. Basi, nikapanda treni nikarudi."

Kwenye maneno ya mzee usiguse kitu. Kwenye maneno yako wewe, msimamizi ana hoja, ingawa si hiyo aliyokupa.

Tuanze na kiambishi chenyewe. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba -ka- ni wakati uliopita, ndugu yake -li-. Si kweli. Kiambishi -li- kinalipeleka tendo kwenye wakati uliopita na kinajitosheleza. -ka- hakina wakati wake. Kinaazima wakati wa kitenzi kilichotangulia. Ndiyo maana tunasema pia "huamka alfajiri akaenda ziwani", na hapo hakuna lililopita. Mtu akikufungulia mazungumzo kwa "nikasoma", utamuuliza: baada ya nini?

Kisha angalia kiambishi hiki kinavyokataa mambo. Hakina ukanushi wake: ukitaka kukanusha unatoka nje, unasema "sikumaliza" au "asimalize". Hakipokei kirejeshi: tuna "aliyekufa" na "anayekufa", ila kwa -ka- hakuna umbo la namna hiyo. Kwenye vitenzi vya silabi moja kinaiangusha ile ku-: alikufa, lakini akafa, nilikula, lakini nikala. Kwa ufupi, -ka- haikanushi na haiwezi kusimama ikaeleza mtu au kitu. Kazi yake ni kusogeza mambo mbele.

Sasa ilete nadharia hapa. Mwaka 1967 William Labov na Joshua Waletzky, waliokuwa wakichambua visa vya mdomo vya watu wa kawaida huko Marekani, walisema kwamba simulizi kwa uchache ni vishazi viwili vilivyopangwa kwa mfuatano wa wakati, hivyo kwamba ukivigeuza unapata kisa kingine. Jaribu kwa mzee wako. "Nikapanda treni nikarudi" ni safari ya kuja kwao. "Nikarudi nikapanda treni" ni safari nyingine kabisa, labda ya kuondoka tena. Kiingereza walichokuwa wakikichambua hao mabwana huachia kazi hiyo mpangilio wa vishazi, maana kitenzi chenyewe hakina alama ya mfuatano. Kiswahili kinaipachika ndani ya kitenzi. Msimamizi anayekuambia ufute -ka- anakuambia ufute alama ambayo watafiti wa lugha nyingine hulazimika kuitafuta kwa tochi.

Tazama pia pale mnyororo unapokatika. "Nikasoma kidogo, sikumaliza." Kwa nini mtu asimulie jambo ambalo halikutokea? Yasiyotokea ni mengi mno. Hakusoma udaktari, hakwenda Ulaya, hakuyataja hayo. Labov alirudi kwenye suala hili mwaka 1972 akaonyesha kwamba ukanushi ndani ya kisa ni namna ya kutathmini: unamweka msikilizaji kati ya lililokuwa na lililotarajiwa liwe. Mzee alitarajiwa kumaliza, au yeye mwenyewe alijitarajia. Hapo ndipo anapoyapima maisha yake, na sarufi ya Kiswahili inakuonyesha mahali penyewe kwa sababu -ka- haiwezi kuingia. Weka -li- kila mahali, "nilisoma kidogo, sikumaliza", na mwachano ule unafifia. Msomaji atapita bila kushtuka.

Halafu "Baba akafa". Nadhani hiki ndicho kitenzi kizito kuliko vyote kwenye kifungu chako. "Baba alikufa" ni taarifa, unaweza kuiandika hata kwenye fomu ya serikali ya mtaa. "Baba akafa" baada ya "nilizaliwa" ni jambo jingine. Kati ya kuzaliwa na msiba huenda ilipita miaka 2 au 12, mzee hasemi, lakini kwa -ka- ameuunganisha msiba huo na kuzaliwa kwake kana kwamba hakuna kilichotokea katikati. Mwanafalsafa Paul Ricoeur, katika kazi yake ya juzuu tatu iliyotoka Ufaransa kati ya 1983 na 1985, alishikilia kwamba wakati huwa wakati wa binadamu kadiri unavyosimuliwa, na kwamba kusimulia ni kuyafunga matukio yaliyotawanyika yawe kitu kimoja. Mwaka 1990 akaongeza kwamba mtu kuwa yuleyule maisha yake yote kuna sura mbili: kufanana na alivyokuwa, na kuendelea kujibeba hata anapobadilika. Mtoto aliyepelekwa Tabora hafanani na mzee anayezungumza nawe. Kinachowashikanisha ni ni- ile inayobebwa na -ka- kutoka kitenzi hadi kitenzi: nikasoma, nikapanda, nikarudi.

Nitie neno la pembeni. Usimtie Ricoeur kwenye kapu moja na usasaleo. Yeye alikuwa anajaribu kuinusuru nafsi isivunjwe vipande. Wanausasaleo wengi hawakuwa na haraka hiyo.

Nafsi inatuleta kwenye "mtu unakaa". Kwa sarufi ya darasani msimamizi yuko sawa, mtu ni nafsi ya tatu na upatanisho wake ni a-. Lakini kaa kibarazani popote, Tabora au Kigoma, usikilize watu wakieleza jambo lililowauma: mtu unachoka, mtu unajikuta huna pa kwenda. Si uzembe wa upatanisho. Mnenaji anataja "mtu" ili ajifiche kidogo, kisha anatumia u- ili wewe unayemsikiliza uingie kwenye nafasi yake. Na hapo hapo ameacha -ka-, kahamia -na- na "huna", kwa sababu anaeleza hali na si tukio. Ni- haionekani hata mara moja kwenye sentensi ile, na inarudi baada ya "basi". Mwana isimu Émile Benveniste alidai kwamba nafsi huzaliwa pale mtu anapotamka "mimi" mbele ya "wewe", na kwamba nafsi ya tatu kwa kweli si nafsi. Sisi tunaziita zote tatu nafsi, na mzee wa Ujiji ameziunganisha ya pili na ya tatu ndani ya maneno mawili ili aitaje ya kwanza. Ukiandika "mtu anakaa" utakuwa umemnyang'anya hicho kificho. Weka tanbihi kama msimamizi hatulii, maandishi yaache.

Sasa zamu ya maneno yako wewe. Mhakiki wa Ufaransa Roland Barthes aliandika mwaka 1966 kwamba simulizi hustawi kwa kuchanganya kufuatana na kusababishana: kilichokuja baadaye husomwa kama kimeletwa na kilichotangulia. Kiambishi chetu ni hodari sana kwa mchanganyiko huo. Chukua meli ya Liemba iliyopo hapo bandarini Kigoma, ambayo kila mtoto wa mjini anaijua. Mwandishi akiandika, "Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao, Wabelgiji wakaingia Kigoma", mfuatano wa siku ni sahihi. Lakini msomaji anaondoka akidhani kuzama kwa meli ndiko kulikowafungulia Wabelgiji mlango. Ni kinyume: Wajerumani walikuwa wanaondoka kwa sababu Wabelgiji walikuwa wanakaribia, na hawakutaka meli iangukie mikononi mwao. Hata mashine zake walizipaka grisi kabla ya kuizamisha, kazi ambayo haifanywi na mtu aliyekata tamaa nayo. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. (Hiyo "ikarudi" nimeiacha makusudi, kwa sababu pale sababu ipo kweli.)

Kwa hiyo kwenye uchambuzi wako, kila unapotaka kuandika -ka- jiulize kama unadai sababu au unataja tarehe tu. Kama ni tarehe, andika -li- pamoja na "baadaye" au "mwaka huohuo". Hapa -li-, kwa ukavu wake, ni mkweli zaidi. Ukiandika "mzee alifiwa na baba, akahamia Tabora, akakosa elimu", umeshatoa nadharia nzima ya umaskini bila kuitetea. Mzee ana haki ya kuyafunga maisha yake hivyo. Mtafiti anatakiwa athibitishe.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza. Si kila mzee atakupa -ka-. Utakutana na aliyevua dagaa Kibirizi tangu ujana, naye akikujibu atasema, "Tulikuwa tukivua, tukianika, tukiuza", ki- baada ya ki-, asikupe tukio hata moja. Usimhesabu kuwa msimulizi dhaifu. Galen Strawson, mwanafalsafa wa Uingereza, alipinga mwaka 2004 dai kwamba kila binadamu huyaishi maisha yake kama kisa, au kwamba ni lazima ayaishi hivyo. Wapo watu timamu wasiojiona hivyo. Binafsi nadhani Strawson alitia chumvi, lakini kwenye data zako anaweza kukuokoa usimlazimishe mvuvi awe na mwanzo, kati na mwisho.

Unapoandika ulichorekodi, sikio liwe kali kwenye "baba kafa" na "baba akafa". La kwanza ni "amekufa" ya mazungumzo, halina uhusiano na -ka- ya mfuatano, na linasema hali iliyopo sasa. Ukisikia "akakufa" au "akakuja", liandike hivyo hivyo. Kigoma ina watu wengi wenye asili ya Kongo, na umbo hilo linaweza kukuambia mzee alikulia wapi.

Kuhusu "simulizi kuu" na "masimulizi makuu", yote mawili yanatumika; chagua moja na upatanishe mpaka mwisho. Mimi napendelea "simulizi kuu" kwa moja na "masimulizi makuu" kwa mengi. Ila uwe mwangalifu na matumizi. Mwanafalsafa wa usasaleo Jean-François Lyotard, aliyeandika juu ya kutoyaamini masimulizi makuu mwaka 1979 katika ripoti aliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la Québec, alikuwa na maana ya yale yanayodai kuhalalisha elimu na historia yote kwa mpigo, kama lile la maendeleo yasiyorudi nyuma. Kisa cha mtoto aliyerudi Ujiji kwa treni si mojawapo, hata akikisimulia kwa fahari. Lyotard angekiita simulizi dogo, na hayo hakuwa na ugomvi nayo.