Begi Halitumiwi Rambirambi

Wiki hii kijana wetu wa fildi amemwandikia mgeni ambaye begi lake halikufika uwanja wa ndege wa KIA: "Please accept our deepest condolences for your luggage." Mgeni akajibu kwamba anashukuru sana, lilikuwa begi jema na atalikumbuka. Ofisi nzima ikacheka. Kijana naye akacheka, ila nilimwona hajui tunacheka nini. Na Juni hiyo inabisha hodi, barua zitaanza kumiminika. Basi wadogo zangu mnaoanza rizavesheni kwenye ofisi za utalii, hapa Arusha na wenzenu wa Moshi, vuteni viti. Nimechoka kusahihisha barua ileile kila msimu.

1. Tatizo letu ni neno pole. Kwetu pole anapewa aliyefiwa, anayeumwa, aliyejikwaa, aliyetoka kazini, hata aliyeshuka basi la Dar. Haisemi nani kakosea. Ukikosea wewe, unayo samahani yako. Mwingereza zote mbili kazitia ndani ya "sorry" moja, ndiyo maana mgeni akiteleza kwenye ngazi ukamwambia "Sorry!", anakujibu "It's not your fault". Hajaikataa pole yako, amedhani unaomba msamaha. Huna kosa? Andika "sorry to hear". Unalo? Andika "sorry that we", kisha utaje mlichokifanya.

Wala usidhani utaponea kwenye pole yenyewe. Aliyetoka Mlima Kilimanjaro ameshafundishwa kwamba pole maana yake punguza mwendo. Mama mmoja aligonga kidole cha mguu karibu na geti la Mweka, mgumu, yaani mpagazi, aliyembebea mzigo akamwambia pole kwa huruma yote, mama akawaka: nimeshuka hivihivi tangu asubuhi, unataka nitambae?

2. "Apologise" ni ya mwenye kosa. Gari limechelewa, jina limekosewa kwenye vocha, waliomba vitanda viwili wamekuta kimoja: hapo ndipo pake. Ukungu wa Ngorongoro si kosa lako. Chui aliyegoma kuonekana Seronera si kosa lako. Na msiniletee tena "We apologise for the death of your father", maana mwenye akili timamu atauliza mlimfanya nini baba yake.

Wapo wakongwe watakaowaambia msiombe radhi kwa maandishi kabisa, mtapelekwa mahakamani. Wanatia chumvi. Sheria ya Fidia ya Uingereza ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, na jimbo la Massachusetts huko Marekani lilianza mwaka 1986 kuzuia maneno ya kumpa pole aliyeumia kwenye ajali yasigeuzwe ushahidi wa kukiri kosa. Yaani hata wenye lugha yao neno liliwasumbua mpaka wakalitungia sheria. Mkikosea, ombeni radhi. Mambo ya kurudisha hela ndiyo muulize bosi kwanza.

3. "Regret". Hapa mnivumilie.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, naamini Kiingereza kizuri ni kile kirefu. Ilikuwa Februari. Mzee mmoja wa Uingereza alipanda kwa njia ya Machame, akafika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, mlima ukamkataa: kichwa, kutapika, miguu haimtii. Mwongozaji hakungoja kupambazuke. Walimteremsha usiku uleule kwa njia ya Mweka, na kadiri walivyoshuka ndivyo alivyorudiwa na fahamu zake. Alfajiri alikuwa hospitali Moshi, ameshapimwa, hana neno, ameambiwa alale tu. Simu yake ilikuwa imezimika kwa baridi.

Nikaagizwa nimwandikie mke wake. Nikawaza, mama wa watu huyu anastahili lugha ya heshima. Kichwa cha barua nikaweka "We regret to inform you". Ndani: "We deeply regret to inform you that your husband was brought down from Barafu Camp last night. He is now resting in Moshi. Please accept our heartfelt condolences." Nikairudia kuisoma, nikajipongeza, nikatuma.

Sasa isomeni nyinyi mkiwa yule mama. "Brought down" inasemwa hata kwa maiti. "Resting" ndivyo wanavyomsitiri marehemu. "Condolences" ikagonga muhuri. Na ile "deeply regret to inform you" ndiyo ilikuwa kwenye telegramu ambazo Wizara ya Vita ya Uingereza ilizipeleka kwa familia za maofisa waliouawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Telegramu zimekwisha, ila Mwingereza akiyaona maneno hayo bado moyo unamruka. Mimi nilikuwa nimetafsiri pole, tena pole ya mtu aliyeumwa kichwa.

Februari Uingereza wako nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo alipoamka sisi tulikuwa kwenye chai ya saa nne. Simu ikaita, nikapokea mimi. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya chini sana mwili utasafirishwaje. Sikuelewa mwili gani, nikasema "Sorry, madam?", nikitaka arudie. Akanijibu "Thank you." Alidhani nampa pole.

Bosi alikuwa ananitazama usoni. Akaninyang'anya simu, akasoma barua kwenye kompyuta yangu, nikamwona anabadilika rangi. Hakueleza chochote kuhusu barua. Alisema "He is alive", akarudia, "Madam, he is alive", kisha akanyamaza, akamwacha mama alie. Kumbe alikuwa ameshawaambia watoto, na mmoja alikuwa barabarani anaendesha kwenda kwake. Muda huo mzee mwenyewe yuko Moshi anakula mayai na kuulizia chaja.

Haikuishia hapo. Nikaambiwa niandike barua ya kuomba radhi, nikaandika "We are sorry for the misunderstanding". Bosi akaifuta mbele yangu. "Nani hakuelewa hapa? Amesoma ulichomwandikia, akaelewa." Nikaandika upya akiwa amesimama nyuma yangu: "I am sorry. I used words that are used for a death. Your husband is well. The mistake was mine." Hakuna "if", hakuna "any inconvenience caused". Mzee alipopita ofisini kabla ya ndege yake alicheka, akanipa mkono, akasema atakuwa na hadithi maisha yake yote. Mke wake hakujibu barua ile, na sikutarajia ajibu.

Kwa hiyo "regret" iacheni. Loji ikijaa, "unfortunately" inatosha.

4. "Condolences" ni kifo tu. Asili yake ni Kilatini, kuumia pamoja, na wao wameibakiza msibani. "Sympathy" ni pana kidogo, inafika hata kwa mgonjwa, ingawa kadi zao za msiba nazo zimeandikwa "With sympathy". "Pity" usimwandikie mtu kabisa, ni kumtazama kutoka juu. "Empathy" ni neno changa: Edward Titchener aliliingiza mwaka 1909 akitafsiri la Kijerumani. Waachieni wanasaikolojia.

Na yule aliyeandika "we are in sorrow about your flight" ajue kwamba "sorry" na "sorrow" zinafanana sura tu, hazikuzaliwa tumbo moja. Ndugu wa "sorry" ni "sore", kidonda. "Sorrow" ni huzuni ya kukaa nayo miaka, na ndege iliyochelewa haifiki huko.

5. Ipo siku mgeni atafiwa kweli, yuko Karatu, habari inamkuta kwenye WhatsApp. "I am so sorry for your loss" inatosha. Ulimi utakuwasha kuongeza kazi ya Mungu haina makosa. Jizuie, hujui anaamini nini, na kwa Kiingereza inasikika kama unamwambia ilistahili. Taja jina la marehemu kama unalijua. Mwambie gari lipo, akilihitaji kwenda KIA hata usiku litaondoka. Ankara na habari za kurudishiwa pesa ziende kwenye barua nyingine, siku nyingine. Halafu kabla hujabonyeza kutuma, shuka mpaka chini kabisa kwenye sahihi ya ofisi, ile yenye twiga, ufute "Hakuna Matata".