Jibu: Doa jeusi unyayoni na protini ya MITF

Dada, umeuliza doa la unyayoni mwa ami yako mvuvi hapo Malindi laweza vipi kuwa melanoma, yaani saratani ya seli za rangi ya ngozi, ilhali jua halifiki. Laweza. Melanoma ya nyayo, viganja na chini ya kucha haitegemei sana jua, na kwetu sisi weusi ndiko inakotokea zaidi.

MITF uliyoisoma ni protini inayojishika kwenye DNA ya seli za rangi na kuwasha jeni, mojawapo ikiwa ile ya tirosinesi, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini, rangi ya ngozi. Katika melanoma, MITF ikiwepo ya kutosha seli hugawanyika. Ikipungua sana, seli hupunguza kugawanyika, zikaanza kuhama. Ugeukaji huo huzisaidia kukwepa dawa.

Doa likitanuka au kutoa damu, apelekwe hospitali likatwe kipande, kipimwe. Asilikwangue kwa wembe, nakusihi.