PostgreSQL 18 kwa sosi kodi kwenye Ubuntu 22.04: ile 14 iache kwanza

Mkuu, umeuliza unawekaje PostgreSQL 18 (programu ya databesi) kwenye Ubuntu 22.04 maana apt inakupa 14 tu na wewe unaitaka uuidv7() (ya kutengeneza ID zinazofuata muda), na kuna mtu kakwambia futa 14 kwanza ndo uanze. Usifute. Hiyo 14 ndo imeshika data zako na ukikimbilia purge (kufuta programu pamoja na mafaili yake) unaweza kuondoka nazo zote. Vesheni mbili zinakaa mashine moja vizuri kabisa, kila moja na folda yake na poti yake, desktop yangu ya kazi iko hivyo na natumia zote mbili.

Ungekuwa unaitaka 18 tu basi ningekwambia ongeza ripozitori ya apt.postgresql.org umalize mapema, ila umesema unataka kukompaili mwenyewe ujue ndani kunaendaje, na hilo nakuunga mkono. Kukompaili kwenyewe kunaenda. Watu wanakwama baada ya hapo, postgres zikishakuwa mbili na mtu hajui anaongea na ipi.

Vifaa kwanza: sudo apt install build-essential pkg-config bison flex perl libreadline-dev zlib1g-dev libicu-dev libssl-dev libsystemd-dev. Bison na flex usiziruke. Maelekezo mengi ya zamani hayazitaji kwa sababu enzi zile tar (furushi la sosi kodi) ilikuja na faili za parser (kisomaji cha SQL) zimeshatengenezwa, kuanzia 17 hazimo, zinatengenezwa hapohapo kwenye mashine yako. ICU (maktaba ya kupanga maandishi ya lugha mbalimbali) nayo kuanzia 16 inatakiwa yenyewe bila kuiomba, ukikosa libicu-dev configure inakatika na "ICU library not found". Na ukiona inalalamikia readline tafadhali usipite njia ya mkato ya --without-readline, utaingia psql (programu ya kuandikia query) ubonyeze mshale wa juu urudishe query yako ndefu, hairudi, unaandika upya yote.

Tar ya bz2 haifiki MB 30 so bando halitaumia. Ukishaifungua ingia ndani halafu:

./configure --prefix=/opt/pgsql18 --with-ssl=openssl --with-systemd
make -j4 world-bin
make check
sudo make install-world-bin

Hiyo world-bin inakuja na contrib, yaani ekstensheni za ziada (pg_trgm, pgcrypto na wenzake), make tupu haikupi. Make check usiione ni ya mapambo, inawasha sava ya muda na kupitisha majaribio zaidi ya 200, mi siweki kitu bila kuona yote yamepita. Iendeshe kwa yuza wako wa kawaida, root inakataa.

Kuhusu prefix, yaani folda ya kuiweka, wengi wanapenda kuweka ndani ya home yao. Kwa Ubuntu ya siku hizi home ni 750, yaani yuza postgres hawezi kuingia humo, na huko mbele utamhitaji aendeshe hizo programu. Weka /opt yaishe.

Sasa databesi yenyewe:

sudo install -d -o postgres -g postgres -m 700 /srv/pg18
sudo -u postgres /opt/pgsql18/bin/initdb -D /srv/pg18 -A scram-sha-256 -W

Ile -A ni muhimu, bila hiyo initdb inaweka trust, maana yake yeyote aliyekaa kwenye hiyo kompyuta anaingia kama superuser bila paswedi. Kisha fungua /srv/pg18/postgresql.conf weka port = 5433, 5432 tayari ina mwenyewe. Washa kwa sudo -u postgres /opt/pgsql18/bin/pg_ctl -D /srv/pg18 -l /srv/pg18/log.txt start.

Hapa ndo pa kuwa makini. Utaandika psql -p 5433 na utapata hii:

connection to server on socket "/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5433" failed: No such file or directory

Mtu anadhani sava haijawaka, anaanza kufuta na kukompaili upya, kumbe sava ipo na inapumua vizuri. Hiyo psql uliyoita ni ya Ubuntu, na Ubuntu wanaweka soketi (faili ambalo psql inapitia kuifikia sava) kwenye /var/run/postgresql, wakati uliyojenga kwa sosi inaweka kwenye /tmp. Angalia ls -a /tmp utaiona .s.PGSQL.5433 imekaa pale. Ita /opt/pgsql18/bin/psql -U postgres -p 5433 utaingia, halafu andika select version(), uhakikishe. Hata kesho ukitaka kujenga ekstensheni kama pgvector mpe PG_CONFIG=/opt/pgsql18/bin/pg_config, la sivyo inaweza kujengwa kwa ajili ya 14 na 18 haitaiona.

Kuhamisha data, kama ni GB chache tumia pg_dumpall, na utumie ile ya 18 kusoma 14:

sudo -u postgres /opt/pgsql18/bin/pg_dumpall -h /var/run/postgresql -p 5432 > zote.sql
/opt/pgsql18/bin/psql -U postgres -p 5433 -f zote.sql postgres

Itakuuliza paswedi, na itapiga kelele kwamba role postgres ipo tayari, hiyo achana nayo. Error nyingine yoyote isome. pg_upgrade ni ya haraka kwa data kubwa ila ujue 18 inawasha checksums (alama za kukagua kama data imeharibika) yenyewe na 14 yako kwa kawaida haina, itagoma mpaka initdb uifanye na --no-data-checksums.

14 iache mpaka program zako zote zimehamia 5433 na umeridhika, sapoti yake inaenda hadi Novemba 2026. Na kwa kuwa 18 hii apt haiijui, masahihisho ya usalama utayafuata mwenyewe, kwa kawaida yanatoka Februari, Mei, Agosti na Novemba. Unashusha 18 yenye namba mpya, unakompaili, unazima sava, make install-world-bin juu ya /opt/pgsql18 ileile, unawasha, data haiguswi. Ukisahau ulitumia option gani siku ya kwanza, /opt/pgsql18/bin/pg_config --configure inakutajia zote. Faili la systemd la kuiwasha kompyuta ikiwaka ninalo, sema nikubandikie.