Uliza maji kwanza, hoteli baadaye

Mwanangu,

Salaam sana, na watoto wasalimie. Swali lako nimelipata, ati mkija wikendi hii ya mwisho wa mwezi muwapeleke wapi watoto bila kumaliza mshahara, maana bei za mahoteli ya Nyali umeziona ukashika kichwa. Mimi hoteli sizijui, nakwambia tu kabla hujauliza wapi, uliza maji yakoje siku hiyo.

Wewe umekaa sana Nairobi naona umeanza kusahau. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, siku hizo mbili tatu ndio bamvua, maji yanapwa mno na kujaa mno, na hapa Mombasa maji ya bamvua hupwa asubuhi, kwenye saa nne saa tano hivi, halafu jioni saa kumi yamejaa mpaka ukutani. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayapwi sana wala hayajai sana, na kujaa kwenyewe kunaangukia hiyo saa nne asubuhi. Sasa mtu hajui hayo, anafika ufuoni saa tano na watoto wana maboya shingoni, anakuta mwani mtupu na bahari iko kule, anarudi akisema pwani imeharibika!

Kwa hivyo mkiangukia bamvua, asubuhi nendeni Nyali mtembee mwambani maji yakiwa yamepwa. Hapo ndipo watoto watapenda, kwenye vidimbwi kuna kaa, kuna viti vya pweza vyekundu, majongoo ya pwani, visamaki vya kila rangi. Wawe na raba miguuni, si ndara, manake wale wanyama wa baharini wenye miiba wakikuchoma utalia siku nzima. Waangalie wasichukue, hata kiti cha pweza kimoja kisirudi na nyinyi Nairobi. Na hao vijana wa beach watakuja kuwatembeza, wanajua mwamba vizuri kuliko mimi, lakini bei mpatane kabla ya kutia mguu. Mkiona maji yanaanza kurudi nanyi rudini, msingoje picha ya mwisho, yanakuja kwa nyuma yakajaza njia mliyopitia.

Mkiangukia maji mafu basi asubuhi hiyo waogelee Pirates, ule ufuo wa watu wote kule Bamburi, lakini iwe Jumamosi. Jumapili mchana pale watu, ngamia, matairi ya kukodi, muziki, mtoto akipotea mtamtafuta mpaka magharibi. Wengine wanapenda hivyo, mie la.

Feri usiwanyime. Kwa miguu Likoni ni bure, mnavuka mnarudi, na wajukuu wangu wa bara watadhani wamesafiri. Fort Jesus watoto wadogo watachoka, ni kuta na jua, labda huyo mkubwa anayesoma historia, mwambie Wareno walianza kuijenga 1593, akitaka zaidi babu yake atampeleka mwenyewe, na hapo jueni hamtarudi kula kwa wakati.

Jioni ni Lighthouse tu, pale ufukweni Mama Ngina, sina mjadala. Sijui kama mmefika tangu ilipokarabatiwa 2019, wameweka vibaraza na taa, mibuyu yenyewe ipo. Nendeni baada ya alasiri jua likishapoa, mkae mkitazama meli zinavyoingia Kilindini, zinapita karibu mpaka watoto wanapungia mabaharia. Muhogo wa kuchoma uwe umepasuliwa katikati, ndimu na pilipili ya kusaga, ukipewa uliopoa ukatae, muhogo ukipoa ni gome. Kachri, hizo za muhogo wa kukaanga, chukueni za pilipili, madafu muombe la nyama laini watoto wakombe kwa kijiko cha kifuu. Viazi vya karai msile huko, nitapika nyumbani, ukwaju ninao wa kutosha.

Mahamri na mbaazi za Jumapili pia msipange kwingine, na mumeo mwambie asije akaniambia ameshiba chai kavu.

Kama mnakuja na treni mtateremka Miritini, mbali na mjini, watoto wamechoka na mizigo, usihangaike na matatu usiku huo, nipigie mkikaribia Mariakani nimtume kakako na gari. Na vyandarua vipo, kitu mtakachobeba ni hizo raba na kofia. Nitumie tarehe kamili leo leo nikuangalizie mwezi.

Mamako