Mtama na mahindi yenye lignini kidogo: je, kuvu hupata mlango?

Mimea ya malisho yenye lignini kidogo (kitu kinachokaza kuta za seli za mmea) hutambulika shambani kwa mshipa wa kati wa jani, ambao huwa na rangi ya kahawia; kwa Kiingereza huitwa brown midrib, kifupi bmr. Kwenye mahindi hali hii ilionekana Minnesota, Marekani, mwaka 1924. Kwenye mtama ilipatikana miaka ya 1970 kwa kutibu mbegu kwa kemikali za kubadili jeni. Ng'ombe humeng'enya mashina hayo vizuri zaidi, na hapo ndipo wasiwasi unapoanzia: ikiwa mnyama hapati shida, kuvu itazuiwa na nini?

Jibu hutegemea jeni iliyoharibika, kuvu inayoshambulia, na sehemu ya mmea inayoshambuliwa. Mtama wenye jeni iliyoharibika ya bmr6 hupungukiwa kimeng'enya kiitwacho CAD, na wenye bmr12 hupungukiwa kimeng'enya kiitwacho COMT. Vyote viwili hufanya kazi hatua za mwisho za kuunda lignini. Malighafi isiyotumika haipotei. Sehemu yake hubaki ndani ya seli kama fenoli, ikiwemo asidi ya feruliki, na baadhi ya fenoli hizo hudumaza Fusarium, kuvu inayoozesha mashina. Ndiyo maana katika majaribio ya Nebraska, Marekani, vidonda vya Fusarium kwenye mtama wa bmr havikuzidi vya mtama wa kawaida, na mara nyingine vilikuwa vifupi. Kwenye ngano mambo ni tofauti: jeni za njia hiyo hiyo zikizimwa kwenye jani, ukungu mweupe hupenya kwa urahisi zaidi, kwa sababu seli za juu ya jani hutumia lignini kuziba pale kuvu inapotoboa.

Kwa hiyo usinunue mbegu kwa sifa ya bmr peke yake. Uliza ni jeni ipi, kisha uliza aina hiyo ina ukinzani gani dhidi ya magonjwa ya kuvu kama baka jani na chule. Ukinzani huo kwa kawaida hutoka kwenye jeni nyingine za wazazi.

Ukitaka kupima mwenyewe, panda jozi: aina ile ile, yenye bmr na isiyo nayo. Chemsha vijiti vya meno mara mbili au tatu, ukimwaga maji kila mara, maana mti wake una vitu vinavyozuia kuvu. Ua vijidudu vilivyomo kwenye vijiti hivyo, kisha otesha kuvu juu yake. Mtama ukianza kuchanua, toboa shina kwa msumari safi na uchomeke kijiti. Baada ya wiki mbili hadi nne pasua shina upime urefu wa kidonda. Wengi hukosea hapa: mtama hutoa rangi nyekundu hata ukijeruhiwa tu. Bila mimea iliyochomekwa vijiti visivyo na kuvu, utahesabu kovu la msumari kama ugonjwa.

Tatizo la kila msimu kwa aina nyingi za bmr ni kulala (kuanguka) kwa mimea, na aghalabu lawama hupewa kuvu bure. Kupanda kwa kubanana, naitrojeni nyingi na potasiamu kidogo hulegeza shina. Ukame baada ya kuchanua huikaribisha Macrophomina, kuvu nyingine ya mashina. Mimea ikikaribia kuvunwa, bana pingili ya chini kwa kidole gumba kwenye mimea 20 katika kila moja ya sehemu 5 za shamba. Zikibonyea 10 hadi 15 kati ya 100, panga kuvuna mapema. Kwa saileji (malisho mabichi yaliyochachushwa ili yahifadhiwe), unyevu wa mmea mzima uwe asilimia 65 hadi 70. Ukizidi hapo maji huchuruzika na saileji huoza kwa harufu mbaya.

Pasua mashina machache kati ya yaliyobonyea. Waridi ndani ni dalili ya Fusarium. Vidoto vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa ni Macrophomina. Shina likiwa jeupe na safi, limelegea tu, na dawa ya ukungu haitalisimamisha.