Jiandaeni na safari ya kurudi

Wadogo zangu mlioandikisha majina kwenye timu ya gari, najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya usukani. Juzi niliwaona mkiizunguka pikapu, mmoja kaingia kukaa kwenye kiti, mwingine akaniuliza, "Kaka, inafika ngapi?" Jibu nitawapa, ila kwanza mjue mwendo wa rekodi unahesabiwaje. Mimi nilikaa kwenye timu mwaka mzima kabla sijalielewa jambo hili, na kutolielewa kulitugharimu.

Katika rekodi ya dunia ya mwendo wa nchi kavu, gari hupimwa kwenye kipande cha maili moja au kilomita moja, nalo huingia pale likiwa tayari limeshika kasi. Kisha linageuzwa na kupita tena likirudi lilikotoka, ndani ya saa moja, na kinachoandikwa ni wastani wa safari hizo mbili. Oktoba 1997, kwenye jangwa la Black Rock, Nevada, gari la Waingereza liitwalo ThrustSSC, likiendeshwa na Andy Green, liliipita kasi ya sauti kwenda na kurudi, lakini safari ya kurudi ikachelewa kwa takriban dakika moja. Kazi ya siku ile haikuhesabiwa. Wakarudia tarehe 15, wakapata kilomita 1,227.985 kwa saa. Sisi tuna Hilux ya zamani, injini ya Toyota iitwayo 2L, ya lita 2.4, na mafuta tunayapika wenyewe nyuma ya karakana: biodizeli, yaani dizeli inayotokana na mafuta ya kupikia. Sheria tunayoifuata ni ileile. Watu wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Gari letu nalo lazima lije na liondoke ndani ya saa moja.

Siku yetu ya kwanza ya kupima tulikuwa kwenye barabara ya shamba la mkonge, nje ya mji, udongo mwekundu ulioshindiliwa, imenyooka zaidi ya kilomita nne. Tulikuwa na kibali cha shamba na watu wenye redio kila upande kuzuia baiskeli na mbuzi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi dereva alipita kilomita yetu kwa sekunde 38. Hiyo ni kama 95 kwa saa. Tulipiga kelele, tukakumbatiana. Akageuza. Akiwa bado hajafika kwenye bendera ya kwanza, injini ikaanza kukohoa, ikapungua nguvu, ikazima.

Fundi wetu, mzee aliyetengeneza malori ya mkonge tangu ujana wake, hakugusa injini. Alikwenda moja kwa moja kwenye filta ya dizeli, akaifungua, akaimimina kwenye kopo. Ilitoka tope nyeusi, nzito kama uji wa ulezi. "Gari haijafa hii," akasema, "imenyimwa mafuta." Kumbe biodizeli husafisha. Tangi lile lilikuwa limebeba dizeli ya kawaida kwa miaka mingi na uchafu umeganda kwenye kuta zake. Mafuta yetu yaliuyeyusha wote kwa asubuhi moja na kuusukuma kwenye filta. Tulibadilisha filta, tukapampu kwa mkono kutoa upepo, injini ikawaka. Saa ilikuwa imeshapita.

Kwa hiyo kabla ya kuweka mafuta yenu kwenye gari lolote la zamani, shusheni tangi, lioshwe. Wiki za mwanzo tembeeni na filta mbili za akiba. Tazameni na mipira ya mafuta: mipira ya asili huvimba na kulainika ikikaa na biodizeli, kisha huvuja. Na msije mkashawishika kuhamia injini mpya zenye kompyuta na presha kubwa sana kwenye nozo. Pampu ya 2L ni ya mitambo tupu na inavumilia makosa ya mwanafunzi. Zile mpya hazivumilii.

Sasa mafuta, maana humo ndimo mtakamokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tunakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia, hasa kwa kina mama na vijana wa chipsi kule Ngamiani. Nendeni kwa adabu, salimieni, msifike saa ya wateja wengi. Mama mmoja wa barabara ya nane alinifundisha jambo ambalo darasani sikulipata: yeye huweka mafuta ya samaki mbali na ya viazi, akaniambia, "Mwanangu, haya ya samaki yana maji." Tulipopima, alikuwa sahihi. Siku hizi kila dumu tunalijaribu hivi: weka kijiko kimoja kwenye sufuria ya moto. Yakilia pa-pa-pa, yana maji, na maji yakikutana na kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni, ndiyo yanayogeuza mafuta kuwa biodizeli) yanakupa sabuni badala ya mafuta. Yapasheni moto taratibu mpaka yanyamaze.

Baada ya hapo pimeni asidi. Mafuta yakikaangiwa sana huwa na asidi nyingi, na asidi hiyo inakula kostiki yako. Mililita moja ya mafuta kwenye mililita kumi za alkoholi, halafu unadondosha maji yenye gramu moja ya kostiki kwa lita, huku ukihesabu. Rangi ya kuonyesha tunatumia manjano, ya sokoni kabisa: inageuka kutoka njano kuwa nyekundu. Kila mililita uliyodondosha ni gramu moja ya kostiki ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya gramu 3.5 zinazotosha mafuta mapya. Ukikisia utatengeneza ndoo ya sabuni. Nimeitengeneza, tena mara mbili.

Mchanganyiko wenyewe ni lita 20 za methanoli (aina ya alkoholi), pamoja na kostiki mliyoipima, kwa lita 100 za mafuta, joto lisizidi nyuzi 60, kwa sababu methanoli huchemka karibu na 65. Hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine pote. Methanoli ni sumu, inapofusha, inaingia hata kwa ngozi, na ikishika moto mchana ule mwali ni vigumu kuuona. Kazi hii hufanyika nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, glavu na miwani, na hakuna simu mkononi. Asiyeweza kutii hilo nitamshukuru akae upande wa matairi.

Glisarini, ule uzito unaojitenga na mafuta, ikishatuama chini, ondoeni, osheni mafuta kwa maji mara tatu au nne, yakausheni. Yakiwa tayari, unasoma maandishi ya gazeti kupitia kwenye chupa. Jaribio la mwisho: mililita 3 za mafuta yako ndani ya mililita 27 za methanoli. Kitu kikitua chini, kuna mafuta ambayo hayajageuka, rudini jikoni. Msiseme "yatafaa tu". Safari ya kwenda yatafaa, ya kurudi yatawaumbua.

Mnaniuliza kwa nini tusitumie nazi wakati Tanga imejaa minazi. Inawezekana, Wafilipino wanachanganya mafuta ya nazi kwenye dizeli yao kwa sheria. Lakini mimi sitaki tuchome chakula cha mtu ili tufurahie mwendo. Mafuta ambayo yangemwagwa mtaroni, hayo ndiyo yetu. Na muyajue yanavyobadilika kwa baridi: mengi ni ya mawese. Hapa pwani hayana shida, ila Julai moja tulipeleka chupa Lushoto kwa maonyesho, asubuhi tukaikuta imefanya ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji.

Kuhusu kupima muda. Mwaka ule tulitaka kupima mita 100 kwa saa za simu, kwa kuwa ni rahisi. Fikirieni: kwa mwendo wa 100 unazipita kwa sekunde 3.6. Kidole kikichelewa sekunde 0.2, umekosea zaidi ya kilomita tano kwa saa. Kwenye kilomita nzima unatumia sekunde 36, na kosa lilelile linakuwa nusu kilomita. Ndiyo maana tunahangaika na barabara ndefu. Upepo nao hausahauliki. Kusi kikivuma, safari moja inapata msukumo na nyingine inakula upepo wa uso. Wastani unapunguza udanganyifu huo, haufuti wote, kwa hiyo tunapima alfajiri kabla bahari haijaanza kupumua.

Msidharau pia hesabu ya hewa. Nguvu inayohitajika kuipasua hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kutoka 100 hadi 120 injini inadaiwa kama mara 1.7, na lita ya biodizeli ina nishati pungufu kwa kiasi cha asilimia 8 kuliko dizeli. Ndiyo sababu anayefunika nyuma ya pikapu kwa turubai iliyobanwa vizuri anatusaidia kuliko anayetaka kukanyaga zaidi. Matairi: someni herufi ya mwendo pembeni, Q ni 160, S ni 180, na tarakimu nne za tarehe, wiki kisha mwaka. Tairi lililozeeka kwenye jua la Tanga halipandi gari letu hata likionekana jipya.

Wala msione aibu kwa namba zetu. Septemba 2012 wanafunzi wa Utah State University huko Marekani walipeleka gari lao kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville likitumia biodizeli iliyotokana na hamira, injini ya lita moja, wakaandika maili 65.344 kwa saa, yaani kama kilomita 105. Rekodi huwekwa kwa madaraja ya injini na mafuta. Wao walishindana kwenye daraja lao.

Swali la juzi: inafika ngapi. Mara ya mwisho ilikwenda kwa sekunde 36.1 na kurudi kwa 38.6, ndani ya dakika 22. Kwetu hiyo ni 96, na imo kwenye daftari pamoja na upepo, joto, na namba ya pipa la mafuta.

Jumamosi njooni saa moja asubuhi, mkiwa na nguo za mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu. Kuna lita 40 kutoka barabara ya nane zinasubiri kupimwa, na manjano nimeshanunua. Gari litakuwa limefungwa. Ufunguo uko kwa fundi.